Mchakamchaka, Sufuria au Mashine ya Presha: Shule Ianzie Wapi Kulinda Mioyo ya Vijana wa Nyanda za Juu Kusini?

Bodi ya shule ya sekondari inapoamua kufanya jambo kuhusu afya ya moyo na mishipa ya damu ya wanafunzi, mapendekezo yanayofika mezani huwa ni yale yale manne: kurudisha mazoezi ya kila siku, kurekebisha chakula, kununua mashine ya kupima shinikizo la damu, na kualika mtaalamu aje kutoa somo, hili la mwisho hasa Septemba 29, Siku ya Moyo Duniani, inapokaribia. Hakuna pendekezo baya kati ya hayo, ila fedha na muda hutosha kufanya moja vizuri na la pili kwa kusuasua. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya wajumbe wa bodi, walimu na wazazi wa Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya jirani, ambako shule ya kutwa ya Mwanjelwa, shule ya bweni ya Makete na shule ya kata ya Ileje hazina tatizo moja, na kwa hiyo hazistahili jibu moja.

Wazazi wengi huuliza kwanza kama kuna haja yoyote, kwa kuwa presha na kiharusi wanavijua kama maradhi ya watu wazima. Ni kweli kwamba dalili huonekana ukubwani, lakini uharibifu huanza mapema zaidi. Utafiti wa Bogalusa, ulioanza mwaka 1973 katika mji mdogo wa jimbo la Louisiana nchini Marekani, ulifuatilia watoto hadi utu uzima, na kwa wale waliofariki wakiwa bado vijana, wengi wao kwa ajali, madaktari walikuta michirizi ya mafuta imekwisha kujishika kwenye kuta za mshipa mkuu wa damu na hata kwenye mishipa inayolisha moyo wenyewe. Uzito uliozidi, shinikizo la juu la damu, lehemu (kolesteroli) nyingi na sigara vilipokutana kwa kijana mmoja, michirizi hiyo ilikuwa mingi zaidi. Kidato cha kwanza, kwa hesabu hiyo, si mapema hata kidogo.

Katika kulinganisha, nimetumia maswali matatu. Njia hii inawafikia wanafunzi wangapi, wote au wale wenye hamu tu? Je, itaendelea mwalimu aliyeianzisha akipata uhamisho? Na ikifanywa vibaya, inamdhuru nani? Swali la pili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, kwa sababu shule zetu zimejaa makaburi ya klabu za afya zilizoondoka pamoja na mwalimu mmoja.

Mazoezi: yana nguvu kubwa, ila hayawafikii wote

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na angalau siku 3 za wiki ziwe na mazoezi mazito yanayoimarisha pia misuli na mifupa. Makadirio ya shirika hilo kwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa vijana 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho, wasichana wakiwa 85 na wavulana 78. Faida yake haina ubishi: moyo unaozoea kusukuma damu kwa bidii hufanya kazi hiyo kwa mapigo machache zaidi wakati wa kupumzika, mishipa hutanuka kwa urahisi, shinikizo la damu hushuka, na sukari hutumika vizuri zaidi mwilini.

Sisi tunayo mchakamchaka, ambao haudai uwanja, mpira wala vifaa. Una kipimo chake cha ndani pia, ambacho walimu wengi wa zamu hawajakitilia maanani. Kanuni ya wataalamu ni kwamba mtu aliye katika mazoezi ya wastani anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na aliye katika mazoezi mazito hawezi kutamka zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi. Safu inayozunguka uwanja ikiitikia wimbo kwa sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho bado haijafika kwenye mazoezi ya wastani. Safu hiyo hiyo ikipandishwa kilima, kama vilivyo vingi kati ya Ipogolo na Iringa mjini, kiitikio huanza kukatika, wa nyuma wananyamaza, anabaki kiongozi akitoa neno moja moja, na hapo ndipo moyo unapofanya kazi iliyokusudiwa. Dakika kumi za kilima zina thamani kuliko dakika ishirini za kuzunguka tambarare mkiimba.

Hata hivyo hesabu ya mchakamchaka peke yake haitoshi. Dakika 20 kwa siku tano za masomo ni dakika 100 kwa wiki, wakati lengo ni dakika 420. Pengo hilo ndilo linalotofautisha shule. Mwanafunzi wa Ileje anayetembea kilomita 3 kwenda na 3 kurudi anapata zaidi ya saa moja ya kutembea, tena kwenye miinuko, kabla mtu yeyote hajamfundisha lolote kuhusu moyo. Mwenzake wa mjini anayeletwa na bajaji au basi la shule hapati hata robo ya hiyo, na wa bweni hutembea kutoka bwenini hadi darasani, kisha bwaloni, basi. Kumletea mwanafunzi wa Ileje programu ya mazoezi kama kipaumbele ni kumpa asichokosa.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni kwamba huwanufaisha wale wale. Uwanja ni mmoja, mpira ni mmoja, na saa kumi jioni wavulana ishirini na wawili wanacheza huku mamia wakitazama. Mbaya zaidi ni msimu wa kuchuja timu ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ambapo shule huamini kuwa inafanya michezo wakati inafanya maandalizi ya wanafunzi wachache ambao mioyo yao haikuwa na tatizo tangu mwanzo. Wasichana hubaki nyuma kwa sababu zinazorekebishika: sketi isiyofaa kukimbilia, kukosa mahali pa kubadili nguo, na siku za hedhi zisizo na taulo wala maji. Kamba za kurukia, rede, netiboli na ngoma huwafikia wengi kwa gharama ndogo, na kuruka kamba ni zoezi zito kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu madhara, kuna mambo mawili ya huku kwetu. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi, kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha tano anayeripoti katikati ya mwaka akitokea Dar es Salaam au Tanga hukuta hewa nyepesi na baridi kali kwa pamoja. Apewe wiki mbili au tatu za kuzoea, wala asiitwe mvivu. Pili, mwanafunzi anayezimia akiwa anakimbia, anayebanwa na kifua, au ambaye katika familia yake kijana alifariki ghafla bila sababu kujulikana, asirudishwe kwenye mbio kabla ya kuonwa na daktari. Hili halina mjadala.

Sufuria: mkono mmoja unaofika kwa wote

Njia ya pili haina mvuto wa picha. Hakuna anayepiga makofi mpishi akipunguza chumvi. Lakini kwa shule ya bweni, sioni njia inayoipita, kwa sababu anayeamua ni mtu mmoja au wawili, na anayefaidika ni kila aliyeshika sahani.

Tuchukue shule ya wanafunzi 400. Mpishi akimwaga pakiti moja ya chumvi ya kilo moja kwenye sufuria za maharage ya mchana, kila mwanafunzi amepata gramu 2.5. Jioni akirudia, ni gramu 5, ambacho ndicho kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asikifikie kwa siku nzima, takriban kijiko kimoja cha chai, na kwa watoto kiwango hicho hupunguzwa. Bado hatujahesabu mkate, viungo vya mchuzi vya vipande, wala chumvi inayonyunyizwa kwenye chipsi nje ya geti. Chumvi nyingi huvuta maji kwenye damu, ujazo wa damu huongezeka, na mishipa husukumwa kwa nguvu zaidi siku zote hadi kuta zake zikakakamaa.

Dawa yake ni kopo la kupimia. Chumvi ipimwe kwa kopo lililotiwa alama, si kwa kiganja, na kipimo kipunguzwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, maana ulimi huzoea, ila ukishtukizwa hugoma, na wanafunzi wakigoma chakula mkuu wa shule atairudisha pakiti nzima siku hiyo hiyo. Tahadhari moja: chumvi isiondolewe kabisa, wala isinunuliwe ile ya bei ya chini isiyo na madini joto. Nyanda hizi ni miongoni mwa maeneo ya nchi yaliyosumbuliwa sana na rovu kwa kukosa madini hayo, na itakuwa ajabu kulinda moyo kwa kurudisha rovu.

Upande wa pili wa chumvi ni potasiamu, ambayo husaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi na kushusha shinikizo la damu, na hapa ndipo mkoa wowote wa kusini unapokuwa tajiri bila kujua. Maharage, viazi mviringo, ndizi za Rungwe na parachichi vyote vina potasiamu kwa wingi, na mafuta ya parachichi kwa sehemu kubwa ni ya aina isiyopandisha lehemu. Parachichi yasiyokidhi vipimo vya wanunuzi wa nje hubaki vijijini Rungwe na Njombe, na shule inayolipa kwa gunia wakati wa msimu inaweza kumpa kila mwanafunzi nusu tunda mara kadhaa kwa wiki. Mboga na matunda kwa jumla yanatakiwa kufikia gramu 400 kwa siku kwa kila mtu wa miaka 10 na kuendelea, na kabichi lililopikwa hadi likapoteza rangi, ambalo ndilo mboga ya bwalo kila siku, linaingia kwenye hesabu hiyo ingawa halivutii.

Kuhusu mafuta, mawese ya Kyela yana karibu nusu ya mafuta yake katika aina inayopandisha lehemu, wakati alizeti ina takriban sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo alizeti ni bora. Lakini sufuria inayotumia lita 5 kwa watu 400 humpa kila mmoja mililita 12.5 tu, na sidhani kama vita ya kwanza ya bodi inapaswa kuwa hapo. Ningetazama zaidi karai la chipsi la jirani na geti, ambalo mafuta yake yamekaangiwa hadi yakawa meusi.

Kwenye sukari, watu hulenga pabaya. Uji wa asubuhi uliotiwa kilo 4 za sukari kwa wanafunzi 400 ni gramu 10 kwa mtu, na mtoto aliyeamka saa kumi na moja kwenye baridi ya Makete anauhitaji. Soda moja ya mililita 350 ina karibu gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai, huku kiwango kinachoshauriwa kwa siku nzima kikiwa chini ya gramu 50, na heri zaidi kikiwa chini ya 25. Kama shule ina duka lake, uamuzi wa kuweka au kutoweka soda kwenye rafu hauhitaji bajeti. Unahitaji ujasiri kidogo, kwa kuwa faida ya duka hilo mara nyingi ndiyo inayolipia chaki na dharura za ofisi, na yeyote anayependekeza soda iondoke aje pia na jibu la pengo hilo: karanga, ndizi, maziwa, mahindi ya kuchemsha.

Kwa kigezo cha uhamisho, njia hii ina nguvu kwa sababu mpishi hahamishwi kama mwalimu, na kopo likishazoeleka hubaki. Kwa shule ya kutwa nguvu hiyo hupungua: shule inashika mlo mmoja, na chakula cha jioni ni cha mama nyumbani.

Mashine: inavutia, na inahitaji masharti

Mashine ya kupima presha ndiyo inayopendwa na wafadhili, kwa sababu ni kitu kinachoonekana. Mashaka yangu si kwa upimaji wenyewe, ni kwa kinachofuata. Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea, kipimo cha chini ya 120 kwa 80 huhesabiwa kuwa cha kawaida, na 130 kwa 80 au zaidi, kikirudiwa siku tatu tofauti, ndicho kinachoitwa shinikizo la juu, kwa vigezo vya madaktari wa watoto wa Marekani vya mwaka 2017. Maneno ya muhimu ni hayo ya kurudiwa siku tatu. Mwanafunzi aliyepanga foleni kwenye baridi, aliyepanda ngazi, mwenye hofu, au anayechekwa na wenzake, atatoa kipimo cha juu ambacho kesho hakitakuwapo. Apumzike dakika tano akiwa amekaa, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini na mkono uko usawa wa moyo. Shule isiyoweza kufanya hivyo kwa utulivu itazalisha orodha ya wagonjwa wasio wagonjwa, na wazazi watauza mahindi kufuata rufaa isiyo ya lazima.

Hata hivyo kuna upimaji mmoja usiohitaji mashine, na kwa umri huu na mazingira yetu nauweka juu ya mwingine wowote: kuangalia koo. Mafindofindo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoka, yasipotibiwa, yanaweza wiki mbili hadi nne baadaye kuleta homa inayovimbisha viungo, leo goti, kesho kifundo cha mguu, na mara nyingine kushambulia milango ya moyo na kuiacha na makovu ya maisha. Watoto wa miaka 5 hadi 15 ndio wanaopatwa zaidi, na mabweni yaliyojaa vitanda huurahisishia ugonjwa kuenea. Penisilini ikitolewa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma huzuia hatua hiyo ya pili. Koo linalouma pamoja na homa na matezi ya shingo yanayouma, bila mafua wala kikohozi, lisiachiwe maji ya chumvi tu, na kukata kimeo hakuondoi bakteria hao. Matroni na patroni wakifundishwa dalili hizi kwa saa moja, na zahanati ya jirani ikikubali kuwapokea wanafunzi bila mizunguko, shule itakuwa imezuia ugonjwa wa moyo ambao tiba yake ya mwisho ni upasuaji katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mwanafunzi ambaye tayari ameupata huhitaji sindano kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na shule ndiyo mahali pazuri pa kukumbusha tarehe.

Somo la mgeni

Somo la mtaalamu anayekuja mara moja na kuondoka halibadilishi mengi likisimama peke yake. Ninalitetea kwa jambo moja tu, tumbaku, ambapo kijana anahitaji maneno ya kukataa na si maarifa pekee. Nikotini hubana mishipa na kuharakisha mapigo ya moyo, na moshi huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, lakini sigara huuzwa moja moja kwenye kibanda kilichopakana na uzio wa shule. Huko Chunya, ambako zao hilo ndilo lililolipa mahitaji ya shule ya watoto wengi, mzungumzaji achague maneno kwa heshima ya wazazi walioketi mbele yake. Iringa aongeze ulanzi, pombe ya mianzi.

Nani achague nini

Shule ya bweni, iwe Makete, Mafinga au Tukuyu, ianze na sufuria na koo kwa pamoja, kwa kuwa vyote viwili vinapita mikononi mwa watu ambao tayari wameajiriwa. Iongeze na usingizi, ambao Shirika la Moyo la Marekani liliuingiza mwaka 2022 kwenye orodha yake ya misingi ya afya ya moyo: kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na ratiba inayozima taa saa tano usiku na kupiga kengele saa kumi na nusu alfajiri haifiki hata 6. Mchakamchaka unaonunuliwa kwa kukata usingizi zaidi ni biashara ya hasara, afadhali uhamie jioni.

Shule ya kutwa ya mjini, kuanzia Uyole hadi Kihesa, ianze na mazoezi, yakiwa ndani ya ratiba na yakihusisha darasa zima, kisha duka na kibanda cha getini. Shule ya kata ya kijijini, ambayo wanafunzi wake wanatembea vya kutosha, iweke nguvu kwenye koo, tumbaku na mlo wa mchana wenye maharage, kwa sababu kijana anayekaa na njaa hadi saa kumi haongeleki kuhusu lehemu.

Na bodi ambayo imekwisha kuamua mashine, pengine kwa sababu mfadhili ametoa fedha za mashine tu, idai ije na mikanda ya saizi zaidi ya moja. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo, na mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba wa kidato cha kwanza huificha. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono wa juu, na muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo asipewe zabuni.